Kijino cha Mbele, Mlango wa Nyuma

3 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Nakusalimu nikiwa nimekaa, kwa sababu kusimama siku hizi ni shughuli ya kupangiwa. Wiki iliyopita daktari aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akavua kipimo masikioni na kuanza kuniuliza habari za watoto na wajukuu. Nikajua. Usiache kazi zako kwa ajili hiyo. Sijaandika ili uje unililie.

Huku nyumbani hakuna baya jipya. Paa la jikoni limezibwa. Shangazi yako amepona mguu na sasa anazunguka mtaa mzima kuwaonyesha watu kwamba amepona. Yule mama anayenitunza, niliyempa cheo cha Sajenti, ananilisha uji kwa amri. Juzi alitaka kumwita fundi abadilishe kitasa cha mlango wa nyuma, maana ufunguo unakwama. Nikakataa. Akasema, "Mzee, mpaka kitasa nacho unataka uzikwe nacho?" Nilicheka mpaka nikakohoa, lakini kitasa kimebaki.

Sasa nililokusudia. Unajua ninayo bastola, ya kibali, tangu nilipokuwa mwalimu mkuu na mtaa wetu ukaingiliwa na wezi, wale ambao baadaye walimuua baba yako hapa hapa mlangoni. Kwa miaka mingi ililala kabatini. Hivi karibuni nimeanza kuishika tena jioni, na nimegundua kwamba siwezi tena kukiona kile kijino cha chuma kilicho mbele ya mtutu. Nikinyoosha mkono kinakuwa kama unyoya. Pengo la nyuma, ambamo kijino kinatakiwa kukaa, ndiyo kabisa. Na jua likishatua vyote viwili vinamezwa na giza. Wewe ndiye fundi wa silaha katika ukoo huu, na sifa zako zinafika hadi huku. Nishauri: mtu mwenye macho ya kizee, katika mwanga hafifu, afungiwe vilengeo vya namna gani?

Na utakuja lini? Nimeacha kuhesabu miaka.

Baba yako Mkubwa


26 Februari

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nakuandikia nikiwa karakana, kwa hiyo ukikuta alama ya kidole gumba chenye mafuta pembeni ya karatasi, chukulia ni muhuri wa ofisi. Pole sana kwa habari ya moyo. Mheshimu Sajenti, kula uji.

Sisi ni wazima. Mjukuu wako ameanza kuvaa miwani. Siku ya kwanza alisimama kizingitini akautazama mti wa jirani, akapiga kelele, "Mama, kumbe majani yako moja moja!" Mume wangu anadai macho hayo ameyarithi kwako. Akirithi na kichwa chako cha hesabu sitalalamika.

Kuhusu macho, wewe ndiye uliyenifundisha habari za lenzi, kwa hiyo sitakusomea somo lako mwenyewe. Jicho la kijana linaruka kutoka karibu hadi mbali bila kuambiwa. La mzee limekuwa gumu, linabaki kule mbali. Wateja wangu wenye mvi wanalia kilio hicho hicho: mlengwa wanamwona, kijino hawakioni.

Unaweza kupaka kijino rangi ya chungwa inayowaka. Inasaidia mchana; jioni haina kazi. Kuna kijino chenye uzi wa plastiki unaokusanya mwanga na kuutoa kwenye ncha kama nukta ya kijani, lakini nao ukikosa mwanga wa kukusanya unakufa. Kuna chenye kichupa kidogo cha gesi ndani, kinang'aa chenyewe gizani kwa miaka bila betri. Ila kwa macho yako mimi ningekufungia kioo kidogo juu ya bastola, chenye nukta nyekundu. Hapo unasahau kijino na pengo. Unamtazama yule unayemlenga, macho yote mawili wazi, na nukta inakaa juu yake. Wazee wanakipenda. Mmoja alinikumbatia mbele ya mke wake.

Kabla sijachagua nahitaji kujua machache. Umbali ni gani? Unalenga ukiwa umekaa au umesimama? Mwanga unatoka nyuma yako, au nyuma ya unachokilenga? Nijibu kwa makini, Baba Mkubwa, hasa hilo la mwanga.

Kuja, tutaona. Kazi ni nyingi.

Bisibisi


14 Machi

Marahaba mwanangu,

Nilimsomea Sajenti habari ya majani moja moja. Akasema, "Huyo mtoto amekuwa akiishi ndani ya supu, na hakuna aliyejua." Mwambie babu yake mkubwa anampa pole kwa kuona; atazoea.

Nakujibu kwa utaratibu. Ninakaa kwenye kiti changu, mlango wa sebule ukiwa wazi. Mbele yangu ni korido nzima mpaka mlango wa nyuma. Unaijua, ulikuwa ukiteleza humo kwa soksi mpaka bibi yako akatishia kuipaka gundi. Juu ya mlango wa nyuma kuna kile kidirisha cha kioo, na jioni mwanga wote uliobaki duniani unaingia hapo. Kwa hiyo anayesimama pale mwanga uko nyuma yake, na upande unaonielekea ni kivuli.

Nimeandika "anayesimama" na sitalifuta. Kuna mtu anasimama pale. Anakuja jua likishatua, kabla Sajenti hajawasha taa. Taa ikiwaka hayupo. Usiniambie ni dawa. Nimeshamuuliza daktari kuhusu dawa.

Kioo chenye nukta sikitaki. Macho yangu yamepinda, nukta itageuka nyota yenye mikia. Tena, sitaki kumtazama ninayemlenga. Nataka kijino. Nataka kiwe wazi kama herufi kwenye karatasi, na kilicho nyuma yake kififie, kama nilivyofundishwa. Aliyenifundisha alikuwa askari mstaafu, mfupi, mwenye kifua cha jogoo, na alikuwa akinigonga kisogoni kwa kalamu: "Mwalimu, tazama kijino! Mtu wa kule si kazi yako. Mwache awe ukungu!" Nami, mtu wa shahada, nikitii kama mtoto wa darasa la kwanza. Nifungie kitu kitakachonirudishia hali hiyo.

Hukunijibu vizuri kuhusu kuja. Mama yako hakukanyaga hapa tangu mazishi ya baba yako mpaka naye akafariki, na sikumlaumu. Lakini wewe ulikuwa mtoto wa nyumba hii.

Baba yako Mkubwa


10 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu. Labda barua imepotea, labda nimekutisha. Mvua zimeanza na mawingu yanaleta giza mapema, na yeye pia anakuja mapema. Shangazi yako anakusalimu. Naomba kijino tu, sihitaji maelezo mengi.

B.M.


19 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua haikupotea. Niliisoma siku ilipofika, nikaitia kwenye droo ya tupa na nikawa naifungua droo ile zaidi ya nilivyohitaji tupa. Huku tu wazima. Mjukuu wako amevunja miwani na kuitengeneza mwenyewe kwa waya, kwa hiyo jina langu limepata mrithi.

Sajenti amenipigia simu. Najua wewe simu huipendi, unasema inaleta sauti bila mtu, lakini yeye anaipenda sana. Nakunukulia alivyosema: "Mwenzangu, mzee wako amenielekezea chuma. Nimeingia kwa mlango wa nyuma na kapu la nguo, namwona amenyoosha mkono. Nikamwambia, mzee, mimi ndiye ninayekupikia, ukiniua utakula nini? Akaishusha, akaanza kulia. Sijawahi kuona mwanaume mkubwa analia vile." Anasema risasi zote amezitoa na kuzificha kwenye kopo la unga, na ukikuta kitu kigumu kwenye uji usiseme hukuonywa.

Alicheka alipokuwa akisema hayo. Mimi sikucheka. Kopo la unga si mahali ambapo hutapafikia. Mama wa watu anapita kwenye korido ile kila jioni, na wewe ukiwa kwenye kiti na chuma mkononi. Jambo hili limetoka kwenye macho yako. Sasa linahusu maisha yake. Sitafunga kilengeo chochote kwenye bastola ambayo sijui inamlenga nani.

Kisha kuna kitu ambacho kifundi sikielewi. Unachokitaka kinawezekana, tena kirahisi: ni miwani tu, lenzi iliyokatwa kwa urefu wa mkono ulionyooshwa. Kijino kitakuwa wazi kama sindano, na mtu atakuwa ukungu. Lakini tangu nianze kazi hii sijapata mzee anayelalamika kwamba anamwona mlengwa vizuri mno. Wewe ndiye wa kwanza. Unaona nini pale mlangoni, Baba Mkubwa? Ana uso?

Usinijibu kwa fizikia.

Gari la duka letu, lenye ruhusa ya kubeba silaha, litapita huko mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mpe dereva bastola na kibali chako. Risasi atapewa na Sajenti, baada ya kuzipangusa unga. Mimi siwezi kuchagulia kilengeo kitu nisichokishika. Mpaka siku hiyo, mwombe Sajenti awashe taa mapema.

Bisibisi


2 Juni

Mwanangu,

Salamu za leo ni fupi: sote tu wazima isipokuwa mimi. Dereva wako yuko sebuleni, anakunywa maji na kutazama picha za ukutani, ananisubiri nimalize. Bastola iko ndani ya sanduku lake. Nimeiweka mwenyewe, nikaomba alifunge mbele yangu.

Uliniuliza kama ana uso. Anao. Ni baba yako.

Hakuna mwizi aliyemuua. Nilimuua mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Jua lilikuwa limetua na taa hazijawashwa. Wiki ile nyumba mbili za mtaa wetu zilikuwa zimevunjwa, na kila mtu alikuwa akitembea na masikio mbele. Baba yako alikuwa safarini na alituambia atarudi kesho yake. Wewe na mama yako mlikuwa kwao. Mlango wa nyuma ukafunguka, mtu akasimama, mwanga nyuma yake. Nikanyoosha mkono.

Macho yangu wakati ule yalikuwa mazima kabisa. Usimruhusu mtu aseme kwamba nilikuwa sioni. Nilikiona kile kijino vizuri kuliko nilivyowahi kukiona kitu chochote maishani mwangu, kila kona yake, hata mkwaruzo mdogo kwenye ncha. Na mtu akawa ukungu, kama nilivyofundishwa. Ukungu ule ukasema, "Kaka," na mkono ukawa umeshamaliza.

Mama yetu ndiye aliyetoka chumbani kwanza. Alitutazama sote wawili, mmoja kwenye kiti na mwingine chini. Akaichukua bastola mkononi mwangu, akaenda nayo chumbani kwake. Aliporudi alisema neno moja tu: "Wezi." Asubuhi ile aliamka akiwa na wana wawili, na hakukubali kulala akiwa hana hata mmoja. Majirani walipofika, neno lile lilikuwa limeshakauka kama plasta. Mimi nilisimama kaburini nikapokea pole za watu. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Ningeweza kuishia hapo, na ungesema ilikuwa ajali ya giza. Lakini ningekuwa nimekudanganya kwa mara nyingine. Kabla mlango haujafunguka niliusikia ufunguo. Ulikwama kidogo, kama unavyokwama hadi leo, kisha ukazunguka. Mwizi hana ufunguo. Tuliokuwa na ufunguo wa mlango ule tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa amekaa. Sikio langu lilijua. Nilipata nafasi ya kuuliza "Nani?" Neno dogo namna hiyo, hata mtoto analisema akisikia hodi. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaanza kukitazama kijino, na nikaliacha sikio liseme peke yake.

Ndiyo maana sikubadilisha kitasa. Sikustahili kuwa na mlango usiolia.

Kwa miaka yote hii alinijia ndotoni akiwa ukungu vile vile, na mtu anaweza kuishi na ukungu. Mwaka huu akaanza kusimama mlangoni. Nikaitoa bastola, nikidhani nikikitazama kijino atarudi kufifia. Imekuwa kinyume. Macho yamekuwa ya kizee: nikinyoosha mkono, kijino kinayeyuka na yeye aliye mbali anakuja wazi. Naliona kovu la kwenye nyusi. Nauona ukosi wa shati umekunjika upande mmoja kwa ajili ya mkanda wa begi. Na namwona anaanza kutabasamu, kwa sababu alifikiri atanishtua kwa kurudi mapema. Mwanangu, sikujua kwamba alikuwa akitabasamu. Hilo nimeliona mwaka huu tu.

Sikutaka kumpiga tena. Nilitaka asionekane. Ndicho nilichokuwa nakuomba, kwa maneno ya lenzi na vilengeo, na wewe ukanijibu kwa uaminifu wa fundi, nami nikaona haya. Siku ile ya kapu la nguo nilikuwa nimemlenga mama asiye na kosa ili nisimwone baba yako.

Miwani usinikatie.

Barua zote nimezitia sahihi ya baba yako mkubwa. Leo sitaitia.


21 Juni

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mkono umezoea.

Mtoto mzima, mume mzima. Bastola imefika.

Niliifungua juu ya benchi langu. Ni safi, uliitunza. Nimeking'oa kijino cha mbele, na kilengeo cha nyuma chenye pengo, nikavitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mkwaruzo uliousema upo. Bastola yenyewe nimeikabidhi kwa wanaotoa vibali, na haitarudi kwako. Kwa hiyo Sajenti anaweza kupita na kapu lake.

Sasa nami nina langu. Baada ya mazishi mama alipewa vitu vya baba: saa, mkanda, na ufunguo ambao ilibidi waukwamue kwenye vidole vyake. Mama hakuwa mjinga. Mtu aliyefungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akapigwa kifuani, amepigwa na aliyekuwa ndani. Hakumwambia mtu. Aliogopa, nadhani, kwamba akilitamka hatakuwa na ukoo wa kunipeleka. Siku nilipoolewa alinifungia ule ufunguo kwenye kitambaa, akasema, "Huu ni wa nyumba ambayo mimi siendi. Wewe utaamua."

Nilijifunza kazi hii nikiwa nao mfukoni. Watu hudhani nilipenda vyuma. Nilitaka kujua jambo moja: mtu akishika bastola katika korido ile, katika mwanga ule, anaona nini. Mwezi wa pili nilikuuliza umbali, na lile lilikuwa swali la fundi. La mwanga lilikuwa swali langu. Nimelibeba tangu siku nilipofungiwa ule ufunguo.

Nilipomaliza kukusoma nilimsimamisha mume wangu kwenye mlango wa karakana, jioni, mwanga nyuma yake. Nikanyoosha mkono mtupu na kukitazama kidole changu cha shahada, ncha ya ukucha, kwa nguvu zangu zote. Uso wake ukaondoka. Mwanaume ninayemjua hata kwa hatua zake. Akauliza, "Kuna nini, mbona unalia?" Kwa hiyo nakubali kwamba hukumwona. Kuhusu ufunguo uliousikia, sina cha kukusaidia.

Sijui kama nimekusamehe. Nimetafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta skrubu sakafuni, sijaipata bado. Labda ipo. Hilo la tabasamu ulilonipa, kwamba alikuwa akitabasamu, nalirudia mara nyingi, na sijui nikushukuru au nikuchukie kwalo. Mama angetoa chochote kulijua.

Nakuja Jumamosi. Mwambie Sajenti asiwashe taa, na wewe kaa kwenye kiti chako. Wote waliomjua wanasema nimechukua uso wake mzima, bila kovu tu. Sitabisha hodi mbele. Nitazunguka nyuma, jua likishatua, na ufunguo ninao. Utausikia. Utakwama kidogo, kisha utazunguka.

Safari hii, Baba Mkubwa, uliza ni nani. Nitakujibu.

Bisibisi